Watoto Washike Udongo, Lakini Wasilimishwe



Liko neno linalosemwa sana na wazazi hapa Cheptiret tangu mtaala wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini mwaka 2019. Mzazi aliyeshinda akipalilia mahindi ya mwenye shamba, au akipakia magunia kwenye lori, hurudi jioni akamkuta mtoto wake wa Gredi ya 1 ana matope vidoleni. Humwuliza, leo umejifunza nini? Mtoto hujibu: tulichimba. Basi mzazi huwaka. Mimi nimempeleka shule ili aepukane na jembe, nao wampa jembe!

Neno hilo si la kijinga, wala wasomi wasilicheke. Lina mizizi. Nchi hii ya Uasin Gishu ilikuwa ya walowezi. Makaburu waliingia na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, na wengi wa wazee wetu waliishi humo kama maskwota, wakilipia mahali pa kulala kwa kazi ya mikono yao. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe zaidi kwenye kilimo na ufundi wa mikono. Wazee wetu walilipokea shauri hilo kwa mashaka, nao walikuwa na haki. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi hufunzwa kutawala, na mtoto wa skwota hufunzwa kuchimba.

Hata hivyo, ndugu, yatupasa kupambanua. Mtoto akipelekwa kupalilia shamba la mwalimu, au kuchota maji ya jiko la shule wakati wa somo, hiyo ni kazi bila mshahara, na chama hakiwezi kuinyamazia. Lakini mtoto akishika udongo ili aujue ni udongo gani, hiyo ni elimu, tena elimu ambayo watoto wa matajiri hulipiwa karo kubwa waipate. Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya chekechea mwaka 1837, aliwapa watoto wadogo vijishamba vyao wenyewe wapande na kutazama. Hakuwa anatafuta vibarua.

Tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Mwalimu awaambie watoto walete udongo kiganja kimoja kimoja: huyu kutoka njiani, huyu kutoka shambani, huyu kutoka kando ya kijito. Kila udongo utiwe katika chupa safi iliyotupwa, ijazwe maji, itikiswe kwa nguvu, kisha iwekwe dirishani. Mchanga hutua mara moja. Majani yaliyooza huelea juu. Udongo wa mfinyanzi hukataa kutua, na kesho yake asubuhi maji bado yana rangi. Mtoto wa miaka 6 aliyeona hayo hatahitaji kukaririshwa kwa nini njia yetu huteleza mvua inaponyesha, au kwa nini shamba hili hushika maji na lile halishiki.

Liko jingine linalotugusa zaidi, maana ni habari ya ugali wetu. Viwavi jeshi wageni, wenye asili ya bara la Marekani, walionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 wakaingia Kenya na kula mahindi ya upande huu wote wa magharibi. Mnakumbuka mwaka ule. Mkulima mwingine aliambiwa anyunyize dawa, akanunua dawa isiyo yake, akanyunyiza wakati kiwavi ameshajificha ndani ya moyo wa mhindi, pesa zikapotea. Kiwavi huyu anajulikana: usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba. Mayai yake hutagwa kwa mafungu, yamefunikwa na kitu kama pamba. Mtoto ana macho makali kuliko sisi, na kimo chake ni kimo cha mhindi mchanga. Mwalimu na amweke kiwavi mmoja katika kopo lenye udongo kidogo chini na jani bichi juu, kopo lifunikwe kwa kitambaa, na jani libadilishwe kila siku. Nasema mmoja, kwa sababu wakiwekwa wawili watalana. Watoto watamwona akinenepa, akijichimbia udongoni, na baada ya siku kadhaa (baridi yetu huzichelewesha) akitoka nondo. Hapo ndipo watajua kwamba yule nondo wa usiku na yule mla mahindi ni mdudu mmoja. Majani yasichumwe katika shamba lililonyunyizwa dawa, na mikono ioshwe. Nondo akishaonekana asiachiliwe, maana atakwenda kutaga kwa jirani.

Haya yote yagharimu nini? Makopo na chupa zimejaa sokoni chini ya miguu yetu. Lakini mzazi huletewa orodha ya kununua: karatasi za rangi, picha za kuchapisha mjini, gundi, na picha yenyewe ni ya mhindi! Mhindi uko ng'ambo ya ua. Tulikwisha kuyaona haya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na kilimo na ufundi, wazazi wakachangishwa kujenga karakana na kununua vifaa, na mtaala ulipotengenezwa upya mwaka 2002 masomo ya mikono yakapunguzwa. Kununua ndiko kulikoyaelemea masomo hayo.

Tusimlaumu mwalimu peke yake. Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti, na katika kaunti nyingi mwalimu wa chekechea hulipwa pungufu sana ya mwenzake wa shule ya msingi aliyeajiriwa na Tume ya Walimu. Wengine wako kwa mkataba unaokwisha kila baada ya muda, kama kibarua wa msimu. Mtu huyo akiwa na darasa lililojaa, ataanzaje kuwatoa nje watazame siafu? Mmoja akipotea njiani, kazi yake imekwisha. Kwake ni salama zaidi kuandika ubaoni na kuamuru wanakili. Huyu ni mfanyakazi mwenzetu, na hoja yake ya mshahara na ya idadi ya watoto ni hoja ya mtoto wako pia.

Kwa hiyo nataka tawi letu liwaambie walimu wakuu wa hapa, kwa barua iliyotiwa sahihi, kwamba wazazi walio wanachama hawatanunua picha ya kitu kinachoota nje ya dirisha, lakini watakuja kwa zamu, mmoja mmoja, kumsaidia mwalimu kuwalinda watoto wakiwa nje. Walio na mapumziko ya Jumatano wajiandikishe kwa katibu. Tena naomba jambo hili liwekwe juu katika ajenda ya mkutano ujao, lisitiwe katika "mengineyo", maana mambo ya watoto hutiwa humo kila mara, na tunapoyafikia watu wameshaanza kutafuta matatu ya kurudi nyumbani.