Mdudu wa Milimani na Habari za Misitu

Wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki wanamjua senene, naye huko Bukoba na Uganda ni chakula cha heshima. Lakini senene ana ndugu wengi wasiojulikana, na baadhi yao hukaa juu ya miti katika misitu ya milimani. Ukoo mmoja wa ndugu hao huitwa Aerotegmina. Mtaalamu wa wadudu, Bibi Claudia Hemp wa Ujerumani, aliueleza mara ya kwanza mwaka 2001, kutokana na wadudu waliopatikana Kilimanjaro.

Maana ya jina hilo ni mabawa yenye hewa, kwani mabawa ya mbele ya mdudu huyu yametuna kama kibofu. Giza likiingia, dume huyasugua moja juu ya lingine, na uwazi ulio chini yake huikuza sauti kama tumbo la ngoma. Jike humsikia, lakini si kwa kichwa. Masikio yake yamo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti.

Jambo la ajabu ni makao yao. Wako Kilimanjaro, wako katika mlima wa Shengena huko Upare, na wengine wako katika vilima vya Taita. Kati ya milima hiyo ni nyika kavu yenye miiba, na mdudu aliyezoea ukungu na majani mabichi hawezi kuivuka. Basi walifikaje?

Wataalamu hujibu kwamba zamani sana, nyakati za mvua nyingi, misitu iliteremka mpaka nyikani ikakutana. Ukame uliporudi, misitu ilijikunja tena vileleni, na wadudu wakabaki kama watu waliotengwa visiwani. Miaka mingi ikapita, na kizazi cha kilele kimoja kikawa aina mbali na cha kilele kingine. Aina ya Taita imepewa jina la Taita.

Leo msitu unapungua kwa sababu nyingine. Huko Taita sehemu kubwa ya msitu wa asili ilikatwa ili kupata mashamba, na mahali pengine ikapandwa misonobari na mikaratusi. Vimebaki vipande tu, kama Ngangao na Mbololo. Zamani ukame ulipozidi, mdudu alipanda juu pamoja na msitu wake. Kipande cha mwisho kikikatwa, hakuna kilele kingine cha kukimbilia.

Wala hasara si ya mdudu peke yake. Miti hiyo hiyo hunasa ukungu na kuhifadhi chemchemi zinazonywesha mashamba ya chini. Mkulima anayeiacha miti ya asili kando ya chemchemi yake analinda maji ya watoto wake, na pamoja nayo makao ya mwimbaji ambaye pengine hatamwona kamwe.