Kichuguu Kikivunjwa, Uyoga Nao Umekwenda



Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, asubuhi akina mama na watoto wako njiani na vikapu, na kila mmoja anakijua kichuguu chake. Uyoga huo ni mboga tusiyodaiwa senti na mtu. Hauhitaji mbolea wala palizi, na unakuja wakati ghala zimeanza kupungua na mahindi bado mabichi shambani. Lakini vichuguu hivyo vinachimbwa mpaka chini, udongo unakwenda kwenye matofali, na palipokuwa na uyoga panabaki shimo la maji.

Hatusemi vijana waache kufyatua matofali. Nyumba ya tofali na bati tunaitaka sote, na udongo wa kichuguu unashikana vizuri, hauna mawe. Tunalosema ni kwamba kichuguu chenye mchwa si rundo la udongo. Ni shamba, na mwenye shamba ni mchwa.

Tueleze kidogo, maana wengi tunauchuma tu bila kujua unakotoka. Mchwa hawa wanakata majani makavu, mabua na vijiti, lakini tumbo lao peke yake haliwezi kuvimaliza vitu vigumu namna hiyo. Kwa hiyo wanavitafuna, wanavishusha chini, na kwa mavi yao wanajenga masega kama sifongo. Juu ya masega hayo wanaotesha ukungu mweupe. Ukungu unalainisha yale mabua, mchwa wanakula. Sasa mvua ikifika, ukungu uleule unasukuma mzizi mrefu kupita kwenye udongo mpaka nje, unakunjua mwavuli, ndiyo uyoga wetu. Mfaransa Roger Heim aliipa jamii hii jina la Termitomyces mwaka 1942, yaani uyoga wa mchwa. Wapo wadogo kama kifungo cha shati wanaotapakaa chini kwa mamia, na wapo wakubwa. Huko Zambia mwaka 1980 wataalamu waliandika habari za mmoja ambao kofia yake inaweza kufika upana wa mita nzima. Mtoto angejikinga mvua!

Wenzetu wa miombo, Tabora na Songea huko, wana uyoga mwingi unaoishi kwa kushikana na mizizi ya miti. Sisi nchi yetu ni ya migunga na nyasi, tegemeo letu ni mchwa. Na asitudanganye mtu kwamba tutaupanda wenyewe. Uyoga wa kwenye mifuko ya pumba na mabua ni wa aina nyingine. Huu wa kichuguuni watu wamejaribu kuuotesha kwa biashara bila mchwa, na hawajafanikiwa.

Kuna jambo jingine ambalo tunaomba wachumaji walishike. Kumbikumbi wanaporuka na kuanzisha kichuguu kipya, walio wengi hawabebi ukungu. Watoto wao wa kwanza hutoka nje kuokota mbegu zake, vumbi lile linalodondoka chini ya uyoga uliokwisha kukunjuka. Tukiufagia wote, mpaka ule uliozeeka ambao hata mchuzi haunogi, kichuguu kipya kitapata wapi mbegu? Basi tuache michache isimame. Na jembe likae nyumbani: shika shina, lizungushe polepole, vuta. Masega ya chini yasiguswe.

Kwa wafyatua matofali tuna mapendekezo yafuatayo. Kabla ya kuchimba, toboa tundu ubavuni mwa kichuguu jioni. Asubuhi ukikuta limezibwa kwa tope bichi, wenyewe wamo, kiache. Lisipozibwa hata baada ya siku kadhaa, huenda kimekufa. Muulize na jirani kabla hujachimba. Mwingine atakimbilia udongo wa mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo huko nako si kujichimbia tu. Tena wafugaji wanajua kuwa nyasi za pembeni mwa vichuguu huwa mbichi zaidi, na ng'ombe huzifuata. Mchwa wanarutubisha udongo ule. Kwa hiyo jambo hili si la akina mama peke yao.

Kichuguu kilichoota ukutani mwa nyumba ni habari nyingine, hatutamlaumu anayekiondoa. Ila aliyemwaga dawa awaambie majirani, na asile mtu uyoga wa hapo.

Na tahadhari, jamani. Uko uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi na karibu na mazizi, una magamba ya kahawia kichwani na pete shinani, hauna ule mzizi mrefu. Ukikomaa, vijipande vya chini ya kofia, vile vilivyopangika kama kurasa za daftari, vinageuka kijani. Huo unatapisha na kuharisha vibaya. Mwingine wenye shina lililokaa ndani ya kama kifuko, uacheni kabisa, jamii hiyo ina wa kuua. Habari ya kwamba ulioliwa na wadudu ni salama haina ukweli. Aliyekula akaumwa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.

Serikali ya Kijiji inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tunaomba suala la vichuguu vya malishoni na vya pori la kijiji liingizwe kwenye mkutano ujao, na wenye tanuru waje na hesabu ya matofali wanayotaka msimu huu, tuwaonyeshe vichuguu vilivyokufa viko wapi.