Msikiti Unaojengwa Kitabuni



Mtoto akifungua redio ya nyumbani ili atazame kilichomo ndani, wengi wetu humkemea. David Macaulay amewaandikia watoto wa namna hiyo vitabu. Mchoraji huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1946, akahamia Marekani akiwa mtoto, akasomea usanifu wa majengo. Mwaka 1973 alitoa Cathedral, kinachoonyesha kwa michoro ya wino namna kanisa kuu la Ufaransa lilivyoinuliwa jiwe juu ya jiwe. Mwaka 2003 akatoa Mosque, nacho ndicho nitamanicho kiingie majumbani mwetu, ijapokuwa ni cha Kiingereza na mzazi atalazimika kufasiri.

Humo msikiti wa kubuniwa, wa zama za dola ya Uthmaniya mwishoni mwa karne ya 16, unajengwa mbele ya macho ya msomaji: msingi unachimbwa, kuta zinapanda, kuba inafunikwa. Kando yake panainuka madrasa, hamamu na jiko la kulishia watu. Mtoto anayesikia kila Ijumaa mchango wa saruji ukitangazwa ataelewa hatimaye saruji ile huenda wapi.

Lakini mtoto wa Lamu atauliza: mbona misikiti yetu ya kale ina nguzo nyingi katikati, na huu umeachwa wazi? Swali hilo lina jibu tamu. Dari zetu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ni fupi, kiasi cha mita tatu hivi. Upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Aliyetaka ukumbi mpana alipanga safu za nguzo. Kuba ya Kituruki huushusha uzito wake pembeni, kwenye mihimili minene, ikaacha nafasi tupu chini yake.

Sijakutana na kitabu cha picha kinachomweleza mtoto hayo ya boriti, wala matumbawe yachongwavyo yangali laini na mabichi, wala yachomwavyo juu ya rundo la magogo yakawa chokaa. Yamo vichwani mwa waashi wazee, na wazee hawakai. Basi likizo hii mnunulie mwanao daftari na penseli, mfuatane kwa mwashi mmoja aliye radhi, naye achore kila hatua anayoelezwa. Asisogee tu penye chokaa mbichi, kwani huunguza ngozi na macho.