Foklifti Ikipinduka, Nani Aulizwe?

Mijini na vijijini, majengo ya shule, zahanati na makanisa yanazidi kuinuka. Pamoja nayo imekuja mitambo ambayo wengi wetu tulizoea kuiona bandarini tu. Mmojawapo ni foklifti ya ardhi korofi: ile yenye magurudumu makubwa ya upepo, inayobeba tofali, nondo na saruji mahali ambapo ardhi haijasawazishwa. Mtambo huu umewapunguzia vibarua mizigo ya mabegani, na hilo ni jema. Lakini unapopinduka na kumlalia mwendeshaji, neno la kwanza kusikika ni lile lile: “Uzembe wa dereva.” Maoni yetu ni kwamba neno hilo hutamkwa mapema mno, tena na wale ambao wangepaswa kuulizwa kwanza.

Hebu tutazame jinsi mtambo wenyewe unavyosimama. Foklifti ni kama mizani. Mbele kuna mzigo, nyuma kuna uzito wa chuma wa kuulinganisha, na magurudumu ya mbele ndiyo egemeo. Kadiri mzigo unavyokaa mbali na egemeo hilo, ndivyo unavyozidi kuuvuta mtambo uangukie mbele. Zaidi ya hayo, katika foklifti nyingi ekseli ya nyuma imeshikwa kwa pini moja katikati ili magurudumu yafuate mabonde. Hivyo, ingawa magurudumu ni manne, mtambo hukalia pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na pini ile ya nyuma. Uzito wa mtambo pamoja na mzigo ukielemea nje ya pembetatu hiyo, ujuzi wa usukani hausaidii tena. Chaga moja la mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2. Uzito huo ukiwa umeinuliwa juu, shimo dogo chini ya gurudumu moja laweza kutosha kuleta msiba.

Kutokana na hayo zimezaliwa kanuni ambazo kila mwendeshaji hana budi kuzijua. Asome kibao cha uwezo wa mtambo na asiuzidishe. Asafiri na mzigo ukiwa chini, mlingoti ukiwa umelazwa nyuma kidogo. Penye mteremko, mzigo uelekee juu daima: apande kwa mbele, ashuke kinyumenyume, wala asigeuze akiwa mteremkoni. Asipakie mtu, na asimruhusu yeyote kupita chini ya meno yaliyoinuliwa. Afunge mkanda. Na mtambo ukianza kupinduka asiruke, maana anayeruka huweza kukutwa chini na lile paa la chuma lililowekwa kumlinda. Abaki kitini, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu, na aegemee upande ulio kinyume na ule wa kuangukia.

Lakini kanuni hizi atazijuaje kijana aliyefundishwa kwa kumtazama mwenzake siku mbili? Atazishikaje ikiwa mkanda umekatika, breki zimechoka, na malipo yake yanahesabiwa kwa idadi ya safari? Nani aliyeamuru chaga la pili lipandishwe juu ya la kwanza? Nani aliyeacha njia bila kufukia mashimo? Wa kujibu maswali hayo si yule aliyeketi kitini.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaeleza kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 Shirika hilo liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Wako watakaosema kwamba mafunzo ni gharama, na wakandarasi wadogo hawaimudu. Tunaelewa ugumu huo. Hata hivyo gharama haitoweki kwa kukataa kuilipa, huhamishwa tu. Humwangukia mjane, watoto wanaoacha shule, na kijana anayebaki kitandani. Bei nafuu iliyopatikana kwa njia hiyo imelipwa na maskini.

Sisi nasi tumo. Parokia inapojenga, kamati yake ndiyo inayochagua mkandarasi. Basi viongozi wa walei, kabla ya kutia sahihi, waulize: Mwendeshaji amefundishwa na kupimwa na nani? Mtambo umekaguliwa lini? Nani atasawazisha njia na kuwaweka mbali wapita njia? Vibarua wamo katika mpango wa fidia? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Na mwendeshaji akisema, “Hapa hapapitiki,” asikilizwe, wala asifukuzwe kesho yake.

Jengo laweza kusubiri wiki moja hadi njia itengenezwe. Uhai wa mtu ukipotea hakuna wiki itakayourudisha.