Kabla ya "than", tuwaulize watoto "kuliko ya nani?"

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu wa Kidato cha Pili alinifuata barazani, hapa Ijuganyondo mkoani Kagera, na daftari lake la Kiingereza. Ameandika: "The depth of Lake Tanganyika is greater than Lake Victoria." Kando ya sentensi amewekewa vema kwa wino mwekundu. Nimefundisha somo hilo miaka 31, nikashindwa kuinyamazia ile vema.

"Hapa unalinganisha nini na nini?"

"Maziwa mawili, babu."

Sivyo. Sentensi yake inalinganisha kina na ziwa. Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470. Cha Victoria, ziwa hili tunaloliona tukishuka mjini, ni kama mita 80. Kina hupimwa kwa kina. Nikamwambia aiseme kwa Kiswahili. Akasema bila kusita: "Kina cha Ziwa Tanganyika ni kikubwa kuliko cha Ziwa Victoria."

"Umesema 'cha'. Kwenye Kiingereza chako hiyo 'cha' umeiacha wapi?"

Akaitazama sentensi kwa muda, akachukua kalamu, akachomeka "that of" baada ya "than". Sikumtajia kanuni yoyote. Alikuwa nayo tangu utotoni. Ndizi za Kagera kuliko za Mbeya: hiyo "za" ndiyo "those of". Anayesema "ndizi za Kagera ni tamu kuliko Mbeya" amekosea kwa Kiswahili kabla hajafika kwenye Kiingereza, na siku hizi nawasikia watu wazima wakisema hivyo redioni.

Tukaendelea. Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni kubwa kuliko ziwa lolote Afrika? Nalo liko Afrika, na haliwezi kujizidi lenyewe. Ni kuliko ziwa lolote jingine. Hiyo "jingine" ndiyo "other" wanayoisahau wanafunzi kila mwaka.

Nakubali kwamba "more better" wanaitoa kwenye "bora zaidi" yetu, na ni kosa, maana "better" tayari imebeba "zaidi" ndani yake. Hilo nalo hueleweka upesi mtoto akiwekewa lugha zote mbili ubaoni. Lakini anayetoka shule ya msingi ya serikali, alikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili, anafika Kidato cha Kwanza na kuambiwa Kiswahili ndicho kinachomharibia Kiingereza. Kwingine anaadhibiwa akikisema. Tunamnyang'anya taa halafu tunamlaumu kwa kujikwaa.

Walimu wenzangu mnaoshika chaki leo, kipindi cha ulinganishi kianzeni kwa sentensi ya Kiswahili. Mwacheni mtoto aione "ya", "cha" na "za" yake kwanza, ndipo mwandike "than".