Kwa Nini Mzamiaji Hapandi Ndege Siku Ile Ile

Bibi mmoja, mke wa polisi wa kikosi cha majini, ametuandikia akiuliza kwa nini mumewe, kila arudipo kutoka mazoezi ya kuzamia, hukataa katakata kupanda ndege siku ile ile, hata kama ameitwa msibani. Yeye ashuku kuwa ni kisingizio. La hasha, bibi. Mumeo asema kweli, na ili nikueleze vema yanipasa nikupeleke baharini, kwani huko ndiko nilikolielewa jambo hili.

Mahali penyewe ni Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, kusini ya Dar es Salaam. Bahari hiyo imo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Nilikwenda huko mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, pamoja na koplo mmoja wa polisi aliyekuwa likizoni. Sote wawili tulikuwa tumemaliza mafunzo ya mwanzo, yaturuhusuyo kushuka mita 18 na si zaidi. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache, naye hakukubali kutia injini moto mpaka maji yaanze kujaa. Mlango wa Kinasi, ambamo bahari huingia na kutoka ghubani, huenda kasi kama mto. Ukizama maji yakijaa utasukumwa ndani, na ukizama yakipwa utapelekwa bahari kuu. Wanahewa wana saa zao, na mzamiaji wa Kinasi hufuata saa ya mwezi.

Mtungi tulioubeba mgongoni haukuwa na oksijeni, kama watu wengi wanavyodhani. Ndani yake mna hewa hii hii tuivutayo barazani, ila imeshindiliwa: zaidi ya lita 2,000 katika chombo ambacho mtu mzima aweza kukikumbatia kwa mkono mmoja. Kifaa cha kumpa mzamiaji hewa hiyo kwa kiasi anachohitaji kilitengenezwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la majini, akishirikiana na mhandisi Émile Gagnan. Kabla ya hapo, wazamiaji wengi walivaa kofia nzito ya shaba na kupelekewa hewa kwa mpira kutoka chomboni.

Sasa tushuke. Juu ya maji, hewa yote ya anga hutugandamiza kwa uzito tuliouzoea tangu kuzaliwa. Ukishuka mita 10 uzito huo huwa maradufu. Mita 20 huwa mara tatu. Mimi nimesomea ualimu, na somo hili ningelifundisha kwa puto. Lijaze hewa ukiwa mita 10 chini, ulifunge, kisha uliachie: likifika juu litakuwa limefura mara mbili, na pengine litapasuka. Pafu la binadamu ni puto la namna hiyo. Kwa sababu hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe, hata kwa hofu, hata kwa mshangao.

Na mshangao upo, ndugu msomaji! Mwamba wa matumbawe si jiwe. Kila tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye midomo, wakaao katika vyumba vya chokaa walivyojijengea wenyewe, na ndani ya miili yao mna vijimea viwalishavyo kwa nguvu ya jua. Tuliwaona pono wakiutafuna mwamba kwa meno yao ya mbele yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Chokaa waimezayo huitoa ikiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe wa pwani hizi ni kazi ya matumbo yao. Mkunga alitutolea kichwa pangoni, chewa mkubwa akatukodolea macho bila kusogea. Kasa alipita juu yetu polepole, asijali kuwa tupo. Koplo alikuwa amejikwaruza kidole, na damu yake kule chini ilikuwa ya kijani, maana maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Alikitazama kidole kile kwa muda mrefu kana kwamba si chake.

Kuna mahali pamoja tulipopita ambapo hapakuwa na kitu. Vipande vya matumbawe vimelala ovyo kama kokoto za nyumba iliyobomolewa, na samaki wawili watatu tu wakizurura. Kiongozi wetu alifunga ngumi, kisha akaifungua ghafla: baruti. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi, na Mafia uliiumiza sana kabla ya hifadhi kuwekwa. Mlipuko ni wa sekunde moja. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na vipande vilivyovunjika hubingirishwa na mawimbi hivi kwamba kichanga cha tumbawe hakipati pa kushika. Ongeza joto la bahari la mwaka 1998, lililofukuza vijimea na kuyaacha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi meupe na kufa. Hata hivyo sehemu kubwa tuliyoiona ilikuwa hai.

Ni katika mzamo wa pili ndipo somo la bibi wetu lilipokuja. Koplo ni mtu wa kifua kipana na huvuta hewa nyingi. Isitoshe, kule mita 16 kila pumzi hula hewa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya juu. Nilimwona akitazama saa ya mtungi wake, akaitazama tena, kisha akapitisha kiganja kooni. Askari wasomao safu hii watafahamu thamani ya ishara isiyo na maneno. Kiongozi alimfikia kwa mapigo mawili ya mapezi, akampa mdomo wa akiba wa mtungi wake, akamshika mkanda wa kifuani. Macho ya koplo yalikuwa makubwa ndani ya miwani. Juu yetu tumbo la mashua lilionekana waziwazi, karibu kabisa, na mtu yeyote mwenye hofu angelirukia. Lakini walipanda taratibu, mita moja kwa kila sekunde sita au saba, na walipofika mita 5 kiongozi alisimama. Dakika 3 nzima walining'inia pale, wakivuta mtungi mmoja.

Kwa nini wangoje? Fikiri chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu. Ukiifungua ghafla inafoka. Chini ya maji, nitrojeni iliyomo hewani huingia katika damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole hutoka kwa mapafu bila madhara, ukipanda kwa haraka hufanya mapovu katika viungo, na hata katika uti wa mgongo. Wala haiishi yote pindi mtu afikapo mashuani. Hubaki kwa saa nyingi, na kupanda ndege ni kuendelea kuifungua ile chupa.

Tulitoka majini saa nane mchana. Kwa kuwa tulizama mara mbili, kanuni ilitutaka tungoje saa 18 kabla ya kuruka, yaani hadi saa mbili asubuhi. Ndege ya koplo ilikuwa ya saa moja. Alinung'unika, akahesabu kwa vidole, akakiachia kiti chake na kuondoka kwa ndege ya baadaye.

Kwa jamaa wa askari wa maziwa yetu pana jambo jingine. Kazi yao ni ya lazima: MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, ni wazamiaji waliomtoa fundi mmoja akiwa hai siku mbili baadaye. Lakini Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na hesabu za kina na muda zilizopigwa kwa bahari hazifai huko bila kurekebishwa.

Basi bibi, mumeo akirudi kutoka kuzamia, kisha usiku ule akalalamika maumivu ya bega au goti, ganzi ya miguu, kizunguzungu, au uchovu asioweza kuueleza, usimkande wala usimwambie alale litapita. Mlaze chali, apewe oksijeni mapema iwezekanavyo, apelekwe hospitali, na mganga aambiwe kabla ya yote kwamba mtu huyu alizama leo, kina gani, na kwa muda gani. Mwulize mambo hayo mawili kila arudipo, uyaandike mahali.