Ikweta Inapita Meru, Lakini Safari za Mwezini Zinatupita Juu kwa Juu

Msee wa Meru, hii unaijua. Uko kwa matatu ya kutoka Embu, mmepita Chuka, mmepita Nkubu, na kabla ufike Meru town kuna ile bango ya ikweta. Watalii wanashuka kupiga picha, wewe unaendelea kuscroll simu. Sawa, umeiona mara mia. Lakini hiyo laini ndiyo mali watu wa roketi wanaitafuta kwa tochi.

Sikia hesabu yake. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapo kwa ikweta inakimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa. Florida, mahali Wamarekani wanarushia watu wao, ni kama 1,470. Hiyo tofauti ni lifti ya bure. Ni kama gari ya miraa kuanza safari ikiteremka badala ya kupanda: mafuta kidogo, mzigo mwingi. Ndio maana Ulaya huvuka bahari hadi Kourou, Guyana ya Ufaransa, digrii 5 tu kutoka ikweta. Sisi tuko digrii sufuri na tunauza ndizi hapo kando ya barabara.

Sisemi tujenge uwanja wa roketi Nkubu. Roketi ikipanda hudondosha vipande, na mashariki ya Meru kuna Tharaka, kuna Garissa, kuna watu na mbuzi wao. Inataka bahari. Na bahari tunayo, hapo ndio story inauma.

Waitaliano waliona hii kitu mapema. Kati ya 1967 na 1988, satelaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Moja ilipaa Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru: satelaiti ya kwanza duniani kuundwa maalum kusoma miale ya eksirei kutoka angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza hiyo kazi, alipata Nobel 2002. Roketi ya Marekani, jukwaa la Italia, jina letu. Jina tu. Tangu Machi 1988 hakuna kitu imerushwa hapo, ingawa kituo bado kinafuatilia satelaiti za wenyewe.

Yaani tuna ploti ya kwa lami, tukaikodisha, mpangaji akafunga duka, na biashara yenyewe hatukujifunza.

Sasa soko limechangamka tena. Marekani wana mpango wa Artemis wa kurudisha watu kwa mwezi, mahali hakuna mtu amekanyaga tangu Desemba 1972. China wanataka kufika kabla ya 2030. Elon Musk yeye anaongea Mars. Kenya je? Aprili 15, 2023 tulirusha Taifa-1, ya kama KSh50 milioni, kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Kwa haki, ilikuwa inaenda njia ya kupita juu ya ncha za dunia, huko ikweta haisaidii. Lakini hata ingesaidia, tungerushia wapi?

Na usidhani kukaa nje ya mchezo kunakuepusha na mchezo. Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kenya Space Agency ilisema ni kipande cha roketi. Ingeangukia nyumba ya mtu Runyenjes? Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo inalipa. Kanada waliutumia baada ya satelaiti ya Soviet kuwaangukia 1978, wakalipwa dola milioni 3 za Kanada. Safari zikiongezeka, vyuma vitaongezeka, na hapo hatuhitaji mwanaanga, tunahitaji wakili.

Kwa hivyo ukikutana na mkubwa wa hiyo Space Agency, ambayo iko tangu 2017, usimuulize lini Mkenya atafika mwezini. Hiyo ni ya kupiga picha. Muulize lini Malindi itarusha kitu tena, na siku hiyo ni wangapi kutoka Chuo Kikuu cha Embu ama MUST hapo Nchiru watakuwa ndani ya chumba cha kuhesabu sekunde, na si nje wakichunga geti.